Kichumba cha Magurudumu Manne

Sie tuliokulia Temeke miaka ile sabuni zilipoanza kurudi madukani, furaha tunaijua kwa harufu. Tulishazoea kufulia majani ya mpapai, mara ghafla duka la pale kona limepanga sabuni za rangi tatu, dawa ya meno ya mrija na biskuti za pakiti. Ruksa, serikali imesema! Kila mtu akaamka na biashara yake. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaweka meza ya maandazi. Mzee mmoja mtaa wa pili akafuga kuku wa kizungu chumbani kwake, yeye mwenyewe akahamia barazani. Na sie watoto tukawa wateja wa kila kitu: barafu za ukwaju kwenye kifuko cha nailoni, kashata, ubuyu uliotuachia midomo myekundu mpaka mwalimu anajua nani kapitia gengeni. Mwanangu nikimwambia barafu ya ukwaju ilikuwa sherehe kamili, ananiangalia kama mtu anayeumwa, halafu anarudi kwenye simu yake.

Tulikaa Mtoni, mtaa wa humo humo Temeke, nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja wa mchanga mbele. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mie Mwajuma niliyekuwa darasa la nne, na mdogo wangu Hamisi ambaye kazi yake duniani ilikuwa kunifuata. Asubuhi nilikimbia mchakamchaka na ufagio wa chelewa mkononi, jioni nilicheza rede kwa mpira wa soksi hadi Mama aite. Mama alikuwaga na sheria yake: "Mara ya kwanza naita, ya pili naita, ya tatu siiti kwa mdomo." Nyie wa rika langu mnajua ya tatu ilikuja na nini. Siku hizi mama anaita mara kumi na tano, mtoto anajibu "nakuja" bila kuinua kichwa, na maisha yanaendelea.

Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha nguo Chang'ombe. Kiwanda kikafungwa. Wenzake wengine waligawiwa vitambaa, wengine mashine mbovu; Baba akapewa kigari kidogo cha kubebea mizigo, kilichokuwa kimelala nyuma ya bohari muda mrefu mpaka kuku wamekifanya banda. Kilivutwa kwa kamba toka Chang'ombe hadi Mtoni, Baba kwenye usukani amenyooka kama bwana harusi, na watoto wa mtaa mzima tunakimbia nyuma tukipiga kelele. Ndani kulikuwa na manyoya, vumbi la pamba na harufu ya mafuta ya mashine. Kwangu mie hapakuwa na gari zuri kama lile.

Kila aliyepita aliuliza swali moja: "Baba Mwaju, hiki kitafanya njia gani?" Ndiyo ilikuwa akili ya wakati ule. Ukiwa na kitu chenye magurudumu unaweka viti, unaingiza abiria, basi. Hata Mama alishaanza kuota gari la abiria, ingawa hakulisema wazi. Baba alijibu, "Tutaona," akaendelea kufufua injini kwa vipuri vya kuokoteza mtaa wa Gerezani.

Ndipo ikaja barua. Ililetwa na abiria wa basi la kusini, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Mama akanipa nisome kwa sauti, maana darasa la nne si mchezo. Ilitoka kwa Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa akiishi na Bibi kijijini, mbele kidogo ya Somanga. Alisema Bibi ni mzima ila macho yamefunga kabisa. Juma lililopita alianguka njiani kwenda kisimani, sasa nyonga inamsumbua, hawezi kukaa kitako muda mrefu. Mganga wa zahanati amesema ni mtoto wa jicho, na Dar wanaweza kumtoa akaona tena. Lakini basi amelikataa. Amesema bora afe kipofu nyumbani kwake kuliko kufa kwenye kiti cha basi porini.

Na hakuwa anadeka. Nyie mnaoikumbuka barabara ya kusini ya wakati ule mtanielewa. Mchanga, matope, mashimo, pantoni ya Rufiji, watu wanashuka kusukuma, siku mbili au tatu kutegemea na bahati yako. Mtu mwenye nyonga mbovu angefika ameshaumia kabisa.

Mama aliikunja barua akaiweka kifuani. "Mama yangu atakufa hajamwona Hamisi," alisema, na akalia mbele yetu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mie Bibi aliniona mara moja tu, nikiwa mchanga mgongoni.

Baba alitoka nje, nikamwona anapima gari kwa dhiraa. Kesho yake alikuja na mfuko wa saruji alioupasua, upande wake wa ndani kachora kitanda ndani ya gari.

"Mama yako atakuja amelala," akasema.

"Na biashara?" Mama akauliza.

"Mama kwanza. Biashara itafuata."

Mama alinuna siku mbili. Mtu kapoteza kazi, kapata gari, anaweka kitanda! Siku ya tatu akatoa cherehani chini ya meza na kuuliza mapazia yawe na urefu gani.

Basi kikaanza kipindi ambacho mpaka leo nikinusa mbao zilizokatwa sasa hivi moyo unanienda mbio. Baba alikuwa fundi wa chuma, si wa mbao, lakini hilo ungemwambia nani? Alifunga kitanda uwanjani, juani, akakipiga msasa wiki nzima. Siku ya kukiingiza waliitwa wanaume wanne. Wakakiinua, wakakisogeza mlangoni, hakipiti. Wakakilaza ubavu, hakipiti. Wakakisimamisha, ndiyo kabisa. Mama Zuhura alicheka mpaka akaja kukaa juu ya kitanda chenyewe. "Baba Mwaju," akasema huku anafuta machozi, "si ungejenga gari juu ya kitanda?"

Baba alikikata katikati, akaunganisha kwa bawaba. Ikawa mchana nusu moja unaikunja unapata benchi, usiku unaikunjua unapata kitanda. Mpaka siku anafariki alishikilia kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo.

Alikata madirisha mawili ubavuni kwa msumeno wa chuma, mlio wake ukatutia ganzi ya meno mtaa mzima. Akaweka wavu wa mbu na vibao vya kusukuma. Jiko la mafuta ya taa alilitengenezea sanduku la bati lisipinduke. Rafu ya vikombe aliiwekea ukingo. Nyuma akafunga pipa dogo la maji lenye koki, na hilo pipa ndilo lililomtia kiburi kuliko vyote. Kila mgeni lazima afunguliwe koki aone maji yanavyotoka. Mama akashona mapazia ya maua ya njano kutokana na vitambaa vya mwisho vya kiwandani, tulivyopewa na mwenzake Baba. Hamisi akakipa jina: Kichumba. Watoto wa mtaa wakaacha rede, wakawa wanapanga foleni kuja kulala mchana kwenye Kichumba, na mie ndiye mlinzi wa mlango. Niliwanyanyasa, sitadanganya.

Kisha likaja jaribio. Baba alinilaza kitandani, akaniwekea kikombe cha maji kifuani, akaendesha hadi Mbagala na kurudi. Nilirudi nimelowa toka shingoni hadi magotini. Akakuna kichwa, akaenda kutafuta mipira ya tairi iliyochakaa, akaikata mikanda, akaisuka chini ya godoro badala ya mbao. Tukaenda Mbagala tena. Safari hii nusu kikombe ilibaki. Baba alikitazama kile kikombe kwa heshima. "Sawa," akasema. "Mama atafika."

Tuliondoka likizo ya katikati ya mwaka, mvua zimekwisha, na barua ya kusema tunakuja imeshatangulia kwa basi. Mama Zuhura alitupa maandazi ya njiani na dua, na akasema tukikwama tusione haya kurudi. Kongowe, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Majina hayo mie nayajua kwa mitikisiko yake. Pale Ndundu, kwenye pantoni ya Rufiji, tulikuta foleni ya malori na mabasi, watu wamelala chini ya magari kukimbia jua. Baba akafungua mlango wa nyuma, Mama akawasha jiko, chai ikanukia. Kwanza walitucheka. "Hee, hawa wamehama na nyumba!" Baadaye akaja mama mmoja mjamzito kuomba ajinyooshe kidogo, akalala kwenye mipira ya tairi akasema hajawahi kulala pazuri hivyo. Baba alizunguka gari lake mara tatu bila sababu yoyote. Ilikuwa furaha tupu, na ndiyo iliyomlevya.

Kwa sababu tulipofika kwa Bibi, Baba alifanya kosa.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Bibi alisimama mlangoni ameshika mwimo, mrefu, mwembamba, macho meupe kama yana ukungu. Mama alikimbia akamkumbatia wakalia wote wawili. Bibi akanipapasa uso, akampapasa Hamisi masikio akacheka, "Haya ya babu yake." Sie tukatoa shikamoo zetu. Halafu Baba akasogea kwa adabu zake zote, akasalimia kwa mbali kama mkwe anavyotakiwa, akatangaza kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama, usijisumbue kabisa na sisi! Tumekuja na kila kitu. Kitanda kipo, mchele upo, jiko lipo. Hata maji tumebeba!" Na akafungua koki ili waone.

Nilisikia maji yakidondoka mchangani.

"Karibuni," Bibi akasema. Akageuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani, na pazia likashuka.

Hakutoka kula. Mama aliingia, akatoka amebadilika uso. Mjomba akamvuta Baba pembeni, na mie nikajisogeza nikijifanya nafunga kamba za viatu ambavyo sikuvaa.

"Shemeji, umefanya nini? Unakuja kwa mkweo na maji yako?"

"Sikutaka kumchosha," Baba akasema. Yeye ni mtu wa Tabora. "Kwetu mkwe mwenye adabu anakuja na chake."

"Huku anayekuja na maji yake anasema neno moja tu, kwamba nyumba hii ina wachawi."

Na toka ndani, nyuma ya pazia, sauti ya Bibi ikasikika pole pole bila hasira, na hiyo ndiyo ilitisha: "Mwambieni arudi na nyumba yake. Mie kwa mtu anayeogopa maji yangu silali. Siendi Dar."

Yarabi! Barabara yote ile, mbao zote zile, na macho ya Bibi yamekwama kwenye koki. Baba alikasirika, nisimsingizie utakatifu. Alikaa kwenye ngazi ya Kichumba akanung'unika kwamba miezi mitatu amekata mbao, amechekwa mtaa mzima, na malipo ndiyo haya. Mama akamsikiliza hadi akamaliza.

"Umekata mbao miezi mitatu," Mama akasema. "Na mama yangu siku tatu anakandika sakafu kwa udongo, anapapasa haoni, kaazima kitanda kwa jirani, kafunga kuku wawili. Ili wewe ulale. Ulimuuliza?"

Mama akaingia kwa mama yake. Mie niliogopa. Nilijua tukiondoka bila Bibi, Mama hatakuwa Mama yule yule, na ile sauti yake ya kuita mara ya kwanza na ya pili huenda nisiisikie tena. Mtoto anayajua mambo hayo bila kuambiwa.

Asubuhi watu wanatoka kwenda mashambani, Baba alifungua koki ya Kichumba wazi kabisa. Maji ya Dar yakamwagika yote, yakatengeneza mto mdogo katikati ya uwanja, kuku wakaja kunywa. Akabeba mchele wetu wote mpaka jikoni kwa Bibi, akauacha kizingitini. Kisha akachukua ndoo, akaenda kisimani, akapanga foleni na wanawake. Mwanamume mzima, mkwe wa watu, fundi wa mashine! Wanawake walipiga vigelegele vya kumcheka njia nzima. Mmoja akampa kata ya kanga ya kuweka kichwani, akaipokea akashukuru. Alienda na kurudi sijui mara ngapi, shati limelowa, hadi pipa likajaa maji ya kisima cha Bibi.

Alipomaliza hakuja kwetu. Alitandika mkeka mbali kidogo na mlango wa Bibi, akakaa ameinamisha kichwa.

"Hodi, Mama."

Akaita tena.

"Hodi, Mama. Nina kiu. Naomba maji ya kunywa."

Pazia likasogea. Bibi alitoka mwenyewe, hakumpa Mama wala Mjomba ile kazi, akaja anapapasa na kikombe cha bati kinamwagika pembeni. Baba alikipokea kwa mikono miwili akanywa mpaka tone la mwisho, kwa kelele, asikie. "Naomba tena, Mama." Akaletewa tena. Akamaliza. "Naomba tena."

"Utapasuka," Bibi akasema, na uwanja mzima ukacheka, na yeye akacheka. Siku hiyo Baba alikula kuku wa Bibi, kisamvu cha Bibi, akala mpaka akashindwa kuinuka, na usiku sote tukalala kwenye kitanda cha kuazima na mikeka ndani ya nyumba yake. Kichumba kikalala peke yake nje.

Lakini kwenda Dar Bibi bado hakukubali. Alisema amemsamehe mkwe, hajalisamehe gari. Siku iliyofuata aliomba apelekwe akalipapase. Mie ndiye niliyemshika mkono. Aliingia taratibu, akagusa kitanda, akagusa mipira ya tairi, akacheka. Akagusa ukingo wa rafu. Kisha vidole vyake vikasimama kwenye kona ya kitanda. Akahamia kona ya rafu, kona ya sanduku la jiko, mwimo wa mlango. Kona zote zilikuwa za duara. Baba alikuwa amezipiga msasa zote, na sie tulidhani anapoteza muda. Halafu akaikuta kamba, imefungwa ukutani toka kitandani hadi mlangoni, kwenye usawa wa mkono wa mtu mrefu. Sie tuliitundikia nguo. Bibi aliishika akatembea nayo hadi mlangoni peke yake, akarudi nayo hadi kitandani peke yake. Alienda hivyo mara mbili.

"Somoe," akamwita Mama. "Huyu aliniwaza mie tangu huko."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kwa nini mdomo wake haujui kusema?"

"Wa Tabora huyo, Mama."

"Haya. Mleteeni mkeka wangu na chetezo."

Akafukiza udi kila pembe, mpaka harufu ya mashine iliyotushinda miezi mitatu ikahama. Akatandika mkeka wake, akaweka chungu chake kwenye rafu na kanga zake kwenye misumari. Kisha akakaa kitandani akatangaza sheria. Nyumba hii sasa ina mwenyewe. Baba ni dereva. Mkwe haingii kwa mama mkwe hovyo hovyo. Akitaka chochote nyuma, apige hodi.

Na alipiga! Njia nzima ya kurudi, Baba mbele na Bibi nyuma, pazia la maua ya njano katikati yao. "Hodi, Mama, naomba maandazi." "Nani?" "Mie, mkweo." "Karibu, subiri hapo hapo." Tukikwama mchangani, Baba anashuka, anazunguka, anagonga ubavu wa gari: "Hodi, Mama, samahani, tunataka kusukuma." Bibi anajibu toka kitandani, "Sukumeni, mie nipo." Pale pantoni alipokea wageni kama yuko barazani kwake, akaagiza watu wa foleni wapewe chai, na wazee wa lori wakamtolea shikamoo dirishani. Nyonga ilimuuma, nilimsikia akiguna kwenye mashimo. Lakini alifika Mtoni amelala, na Mama Zuhura aliyekuja mbio kuchungulia akarudishwa mlangoni apige hodi kwanza.

Macho yalifanyiwa kazi moja baada ya jingine. La kushoto halikurudi vizuri. La kulia siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa sote, tumesimama kando ya kitanda chake hospitalini. Bibi alipepesa. Alimtazama Hamisi, akatikisa kichwa kuhusu masikio. Akanitazama mie, "Kumbe ndiye wewe? Nilikuwa nakujua kwa sauti." Akamtazama Baba muda mrefu, akamwuliza nesi: "Na huyu mwenye kipara nani? Niliyempa binti yangu alikuja na nywele." Baba alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Bibi akanyoosha mkono.

"Ondoa hiyo kanga, Somoe. Nimekuja mbali kuiangalia hiyo sura."

Mama akaiondoa. Bibi akamtazama, kila sehemu, paji, mashavu, mistari iliyoingia pembeni mwa macho. Akasema, "Umekua, mwanangu. Umekua na mie sikuwepo." Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mzima mwenye watoto wawili bado anaweza kuwa mtoto wa mtu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na jicho lake moja liliona mambo kuliko yetu manane. Kichumba hakikufanya biashara ya abiria. Watu walianza kuja kukiomba: mwenye mgonjwa Mkuranga, mwenye mzazi Ikwiriri asiyeweza kukaa. Baba akawa anaitwa toka Mbagala mpaka Kibiti, na tulikula na tulisoma kwa kazi hiyo, hadi chuma kikaoza kabisa na hakuna tena pa kuchomelea.

Leo kuna lami mpaka huko na daraja kubwa juu ya Rufiji. Ukinywa chai Mtoni, chakula cha mchana unakula Somanga. Vijana wanakodi magari yenye vitanda, friji na taa za rangi, wanaenda ufukweni kujipiga picha wamekaa mlangoni miguu inaning'inia, wanasema wameigundua nchi. Wacha wafurahi, sina wivu, ingawa wangemuuliza Baba angewaambia kona zao zina ncha. Wao wana barabara, sie tulikuwa na sababu ya kwenda.

Sema na mie nisiwacheke sana. Baba alipofariki, Mama alirudi kwao, yuko kwenye ile ile nyumba ya Bibi. Namuona kila Jumapili kwenye simu. Sura yake inaganda, inakatika, inarudi, ananiambia "nipo tu mwanangu, nyie mna kazi," na mie nakata nikijihesabia kwamba nimemwona. Ni mwaka wa pili sasa. Barabara ya saa tano nimeifanya ndefu kuliko ile ya siku tatu.

Jumapili iliyopita alisogeza simu karibu mno, nikaona jicho tu, limeanza kuwa na ukungu. Nikamwuliza. Akasema ni uzee, nisijisumbue.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Sikumpigia kumwambia, maana angenikataza. Ijumaa asubuhi naondoka na mwanangu, simu yake akitaka aibebe, nikampeleke akatazamwe na bibi yake kabla hilo jicho halijafunga.